Chanjo iliyosahaulika

Nimekuwa kimya, mitihani ilinibana. Juzi mwenzangu wa chumbani alikohoa usiku kucha. Asubuhi akaenda duka la dawa, akarudi na vile vidonge vya rangi mbili. Siku ya pili kapata nafuu, vilivyobaki kavitupia kwenye droo, eti akiba. Nikamwambia, kaa hapa nikupe historia ya nimonia, ile ambayo wazee wanaiita kichomi.

Mwaka 1911, kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, vibarua waliotoka mbali walikuwa wanakufa sana kwa nimonia. Daktari Mwingereza, Almroth Wright, akawajaribia chanjo. Haikufanya maajabu, ila wazo likabaki. Ilipofika 1945, jaribio kwa wanajeshi wa Marekani likaonyesha kwamba chanjo ya nyumokokasi, bakteria anayeongoza kuleta nimonia, inakinga kweli. Zikaingia sokoni.

Bahati mbaya penisilini nayo ilikuwa imefika. Sasa nani achomwe sindano ya kinga wakati tiba ipo? Miaka ya 1950 chanjo zikaondolewa kwa kukosa wateja.

Daktari Robert Austrian hakukubali. Mwaka 1964, yeye na Jerome Gold walionyesha kwamba bakteria akishaingia kwenye damu, wagonjwa wengi walikuwa wanakufa siku za mwanzo hata wakipewa penisilini. Austrian akarudi kwenye migodi ileile ya Afrika Kusini kujaribu chanjo mpya. Mwaka 1977 Marekani ikairuhusu, ikiwa na aina 14 za bakteria huyo.

Na mwaka huohuo wa 1977, Durban, zikatoka habari za wagonjwa wenye nyumokokasi ambao penisilini haikufua dafu kwao. Yaani kinga inarudi, tiba inaanza kuchoka!

Bado kulikuwa na tatizo la watoto wachanga. Chanjo ile ilitumia sukari ya ganda la bakteria, na mwili wa mtoto chini ya miaka 2 hauitambui vizuri. Wataalamu wakaiunganisha na protini. Chanjo hiyo ya watoto ilitoka Marekani mwaka 2000, na maambukizi sugu yakapungua, hata kwa wazee ambao hawakuchanjwa. Tanzania tulianza kuwapa watoto wetu 2013.

Ila vita haijaisha. Nyumokokasi ana aina zaidi ya 100. Ukiziba hizi, nyingine zinajitokeza. Aina ya 19A ilienea ikiwa sugu, mpaka ikaongezwa kwenye chanjo ya 2010.

Kinachoniuma ni ile miaka ishirini na kitu. Kinga tulikuwa nayo mkononi, tukaiacha kwa sababu dawa ilionekana itatosha milele.

Jamaa kasikiliza mpaka mwisho, kacheka, kaniambia nimesoma sana. Vidonge bado viko kwenye droo. Nawahi kipindi, tuonane!