Filamu ya Kisiasa nchini Burundi

Filamu ya kisiasa ni sinema ya maigizo inayoonyesha jinsi mamlaka yanavyoingia katika maisha ya watu. Burundi inazo chache za aina hii, na uzito wake umebebwa na waigizaji kuliko fedha.

Ya mwanzo kutajwa ni Gito l'ingrat (1992) ya Léonce Ngabo, filamu ndefu ya kwanza ya nchi hiyo. Joseph Kumbela anamwigiza msomi anayerudi kutoka Paris akitegemea uwaziri, na kujivuna kwake kunachekesha kwa sababu yeye mwenyewe anaamini majivuno hayo.

Na Wewe (2010) ni fupi, dakika 19 tu, lakini ndiyo inayoumiza zaidi. Iliongozwa na Mbelgiji Ivan Goldschmidt na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2011. Mwaka unaosimuliwa ni 1994. Waasi wanasimamisha basi dogo, abiria wanateremshwa na kuamriwa wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Tofauti na Rwanda ya wakati huo, kitambulisho cha Burundi hakikutaja kabila. Mwenye bunduki hana cha kusoma ila nyuso, na abiria hawana cha kujitetea ila nasaba zao, zilizochanganyika kiasi cha kuvuruga amri yenyewe. Hakuna rais wala bunge katika hadithi hii. Siasa yote imo katika kigugumizi cha mtu anayetafuta jibu litakalomwacha hai, na mwigizaji akizidisha kidogo tu, jambo zima linageuka hotuba.

Mtazamaji wa Gitega au Muyinga hahitaji maelezo ya kando. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, wanafunzi walichomwa moto Kibimba, mkoani Gitega. Kutoka Muyinga na mikoa jirani, wengi walivuka mpaka hadi kambi za Ngara, Tanzania, ikiwemo Lukole. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta kusini mwa nchi, vijana 40 waliuawa baada ya kukataa kutenganishwa Wahutu na Watutsi. Amri inayotolewa katika filamu ilitolewa kweli, kwa vijana hao.

Nje ya Burundi, Raoul Peck alifuata njia nyingine katika Lumumba (2000), filamu kuhusu kiongozi wa Kongo Patrice Lumumba: anaanza na maiti, kisha anamwachia Eriq Ebouaney kazi ya kutufanya tutumaini hata hivyo. Mwanamfalme wa Burundi, Louis Rwagasore, mzaliwa wa Gitega aliyeuawa Oktoba 1961, miezi tisa baada ya Lumumba, anastahili mwigizaji wa kiwango hicho.