Wanagenzi wa Mtaa wa Fleet

Makongamano ya kimataifa yanayowakusanya leo wahandisi chipukizi, kila mmoja na mada yake mkononi na kitambulisho shingoni, aghalabu hudhaniwa kuwa ni hidaya ya wakubwa kwa wadogo. Lakini mwenye kuifuatilia asili yake ataona kwamba majilisi ya namna hiyo yalianzishwa na wale waliokosa nafasi katika majilisi ya wakubwa.

Mjini London, tangu mwaka 1771, palikuwa na jumuiya ya wahandisi mashuhuri, miongoni mwao John Smeaton, mjenzi wa mnara wa taa wa Eddystone, nao walikuwa wakikutana kula pamoja na kuzungumza kwa utulivu baada ya sahani kuondolewa. Ilikuwa karamu ya watu wazima waliokwisha kupata jina, na kijana aliyekuwa bado akimchorea bwana wake michoro hakuwa na kiti hapo. Wala Uingereza haikuwa na chuo cha kumfundisha kazi hiyo, ilhali serikali ya Ufaransa ilikuwa na chuo cha wahandisi wa madaraja na barabara tangu 1747. Mwanagenzi wa Kiingereza aliokota maarifa karakanani, kwa jicho na kwa mkono, na asilolijua bwana wake, naye hakulijua.

Basi tarehe 2 Januari 1818, vijana wanane, mdogo wao akiwa na miaka 19 na mkubwa wao 32, walikutana katika mkahawa wa Kendal, Mtaa wa Fleet. Baadhi yao walitoka katika karakana ya Henry Maudslay, mahali ambapo usahihi ulitukuzwa hata chombo cha kupimia cha bwana huyo kikapewa lakabu ya hakimu mkuu wa ufalme, kwa kuwa hukumu yake haikukatiwa rufani. Aliyetangulia mbele yao ni Henry Robinson Palmer, ambaye aliwaeleza kwamba mhandisi husimama baina ya mwanachuoni na fundi, mithili ya mkalimani, naye hana budi kuzijua lugha zote mbili. (Palmer huyu, nataja kwa kuwa wengi wetu tunalala chini ya kazi yake, ndiye aliyepata hataza ya bati la migongo mwaka 1829, alipokuwa mhandisi wa gati za London.) Vijana hao wakaunda jumuiya yao, wakaazimu kuulizana na kujibizana, na mazungumzo yao yakaandikwa.

Hata hivyo, ari peke yake haikutosha, na kwa miaka miwili jumuiya ilizorota. Mwaka 1820 wakamwendea Thomas Telford, mwana wa mchungaji kondoo wa Uskoti, aliyeanza maisha kwa kuchonga mawe na ambaye hakupata kuingia chuo chochote, wakamwomba awe rais wao. Nadhani hapo ndipo busara ya vijana hao ilipodhihiri, maana walimtafuta mkubwa baada ya kuwa na nyumba yao wenyewe, wala hawakungoja mkubwa awajengee. Telford aliwakumbusha kwamba katika nchi nyingine jumuiya kama hizo huundwa na serikali na kuwa chini ya amri yake, bali yao ingesimama kwa juhudi ya kila mwanachama. Akawapa vitabu na michoro, akawavutia watu wengi, na mwaka 1828 wakapata hati ya mfalme.

Ajabu ni kwamba waliokosa mlango hawakukawia kuwafungia wengine. Jumuiya ile ile haikupokea mwanamke hata 1927, alipoingia Dorothy Buchanan, ambaye alikuwa amefanya kazi katika ofisi iliyosanifu daraja la bandari ya Sydney. Wahandisi wanawake nao walikuwa wamekwisha kufuata nyayo za vijana wa Kendal: huko Uingereza waliunda jumuiya yao mwaka 1919, na Juni 1964 ukafanyika New York mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wahandisi na wanasayansi wanawake, ambao hoja yake kuu ilikuwa namna ya kuvikuza vipaji vya fani hizo. Wa pili ulifanyika Cambridge mwaka 1967, wa tatu Turin mwaka 1971, na mwaka 1987 mkutano huo ukafika Afrika, mjini Abidjan.