Maumivu Yasiyohitaji Kisu: Tiba ya Misuli na Mifupa katika Mwambao wa Ziwa Viktoria, 1928–2002

Historia ya tiba jijini Mwanza ni rahisi kuandikwa kwa kufuata majengo. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoutazama mji, ina tarehe, ramani na kumbukumbu. Maumivu ya mgongo, bega na kisigino hayana jengo. Aliyeumwa hivyo kwa kawaida hakulazwa wala hakupasuliwa, na kwa sababu hiyo ni nadra kumkuta katika daftari ambalo mwanahistoria hulifungua kwanza. Makala haya yanadai kwamba tiba zisizotumia kisu, za kale na za kisasa, zinastahili kuandikwa katika historia moja na kuhukumiwa kwa kipimo kimoja.

Mwaka 1928 unafaa kuwa mwanzo. Mwaka huo reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na pamba ya Usukuma, iliyokuwa ikipitia Kisumu kwa meli, ikapata njia nyingine ya kwenda baharini. Mizigo ya bandarini ilibebwa migongoni mwa makuli. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi. Sheria hiyo haikuwalenga wakandaji wala waunga mifupa. Hata hivyo, nfumu wa Kisukuma aliweza kuunganisha dawa, ramli na matambiko katika kazi moja, hivyo mpaka kati ya tiba na kosa la jinai haukuwa wazi.

Tiba zenyewe zimeacha alama katika lugha. Kiswahili, kilichofika Kageye kwa misafara ya karne ya 19, kina vitenzi mahususi: kuchua, kukanda, kuchanja chale, na kuumika, yaani kuvuta damu kwa chuku. Maelezo yaliyoambatana na vitendo hivyo yalikuwa ya damu mbaya kutolewa au dawa kuingizwa mwilini.

Tiba ya mawimbi ya mshtuko ilizaliwa mbali na ziwa. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier, Ujerumani, walichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoathiri ndege ziendazo kasi kuliko sauti. Februari 1980, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walitumia mawimbi ya aina hiyo kuvunja mawe ya figo ya mgonjwa bila upasuaji. Mwaka 1991 Valchanou na Michailov wa Bulgaria walichapisha matokeo ya kuyatumia kwenye mifupa iliyovunjika na kukataa kuunga. Baadaye yalielekezwa pia kwenye kano za bega, kiwiko na kisigino, kwa maelezo kwamba mshtuko huichokoza sehemu iliyodhoofika ili mwili uanze upya kuitengeneza.

Hapa kuna kishawishi cha kusema kwamba mashine imethibitisha chale, kwa kuwa zote huuchokoza mwili. Hoja hiyo haina mashiko: kufanana kwa wazo si ushahidi wa uponyaji. Hata mashine haikukubaliwa kwa urahisi. Mwaka 2000 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mashine ya kutibu maumivu sugu ya kisigino. Mwaka 2002 Rachelle Buchbinder na wenzake nchini Australia walichapisha jaribio la wagonjwa 166, ambamo waliopata mawimbi hawakupata nafuu kuliko waliopewa tiba ya kuigiza. Majaribio mengine yalitoa matokeo mazuri zaidi, na mjadala ukaendelea.

Mwaka huohuo wa 2002 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria Na. 23 ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyounda baraza la kusajili waganga. Mganga aliyewahi kufanya kazi chini ya kivuli cha sheria ya 1928 sasa aliweza kupata cheti. Lakini usajili humtambua mtibu. Peke yake haupimi tiba, kama vile kibali cha Marekani hakikumaliza ubishi juu ya mashine.

Mbeba magunia ya dagaa katika mwalo wa Kirumba hulipia nafuu kwa jasho lake, iwe kwa mkandaji au kwa mashine. Ana haki ya kuuliza swali lilelile popote: ni wangapi hawakupona? Historia ya tiba ya ukanda huu itakamilika pale watu hao nao watakapoandikwa.