Kunjua, Wala Si Panua

Kile kitufe cha ukurasa wa wavuti ambacho ukikibofya maelezo yanajitokeza chini yake, na ukikibofya tena yanatoweka, kimevishwa Kiswahili cha ajabu. Maelezo yakiwa yamefungwa huandikwa "Panua". Yakiwa wazi, "Kunja". Waliopitisha jozi hiyo ni wasomi, sina shaka, ila ningependa kumjua dobi aliyewahi kupanua shati lililokunjwa.

Kinyume cha kunja ni kunjua. Hakuna haja ya kubuni: mwanakamusi Madan alikwisha kuliingiza katika kamusi yake ya Kiswahili ya 1903. Kiambishi kinachofanya kazi hapo ndicho cha funga na fungua, fumba na fumbua, ziba na zibua. Jamaa zetu wa Kibantu wanacho, tena kikiwa na konsonanti yake: Kinyarwanda kina gufunga na gufungura, Kikuyu kina hinga na hingũra. Kiswahili kiliiangusha l, lakini haikufa. Weka kauli ya kutendwa uione ikirudi: funguliwa, kunjuliwa. Panua si wa ukoo huu, hata mwisho wake ukifanana. Asili yake ni sifa, -pana, na hakuna kitenzi kinachotenguliwa humo. Barabara hupanuliwa. Nani ameikunja?

Kuna na kambi ya "Onyesha" na "Ficha", inayojiona imemaliza mjadala. Anayeandika visibility: hidden katika CSS anaficha kweli, kwani maandishi hayaonekani ilhali nafasi yao imebaki tupu. Anayeandika display: none anafanya jambo jingine kabisa: nafasi yenyewe inaondoka, na aya za chini zinapanda. Jamvi likikunjwa sakafu hupatikana. Hivyo ndivyo vinavyofanya vitufe vingi tunavyovizungumzia, na ndiyo maana kuficha hakutoshi.

Nilipolitetea kunjua, nilijibiwa kwamba linanuka nguo. Aliyenijibu huenda hajapata kuambiwa akunjue uso, wala kupokelewa kwa moyo mkunjufu. Neno lililokwisha kutoka kwenye nguo likafika usoni na moyoni, leo liogope skrini?

Kitufe chenyewe nakiita kikunjuo, kwa kanuni ileile iliyotupa kizibuo cha chupa. Sehemu inayofunguka, mkunjo. "Kigeuzi", ambacho mwenzetu mmoja anakipigia debe kila warsha, hakisemi kinageuza nini.

Kuhusu matumizi: HTML ina details na summary, ambazo vivinjari vikuu vyote vinazielewa tangu 2020 bila JavaScript; lakini anayejitengenezea kikunjuo chake kwa button akumbuke kubadili aria-expanded kwa kila bofyo, ili programu inayomsomea asiyeona imtangazie "kimekunjuliwa". Si "kimepanuliwa", tafadhali.