Picha za Kale na Barafu ya Kilimanjaro

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu asimamaye mashariki ya Meru huuona weupe uliosalia juu ya Kilimanjaro. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona tarehe 11 Mei 1848, lakini Cooley, mwanajiografia wa London, alimkanusha. Ushuhuda wa maneno matupu haukumtosha. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walipanda na kamera. Klute alipiga picha za mandhari ileile kutoka vituo viwili vilivyopimwa, na kwa kuzilinganisha akapata umbali na kimo cha kingo za barafu. Kisha vikaja vita vya 1914. Matokeo yake yalichapishwa Berlin mwaka 1920, nchi ikiwa imekwisha kuingia mikononi mwa Waingereza. Kwa kipimo hicho barafu ilikuwa takribani kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 haikufika 2.

Picha ipendezayo macho si lazima iwe shahidi mwema. Theluji ya jana huweza kufunika ukingo wa barafu ya kale, ikamdanganya mpimaji. Aidha, yeyote aliye na picha ya mlima iliyopigwa zamani na aiandike nyuma mwaka, mwezi na mahali aliposimama mpiga picha, maadamu wanaokumbuka wangali hai.