PlayStation 2 na watu wa kwenye benchi

Wadau, nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo naomba tuweke siasa pembeni. Nataka kuzungumzia mashine moja nyeusi iliyowalea wengi wetu bila wazazi wetu kupenda: PlayStation 2.

Tuanze na tarehe, maana historia bila tarehe ni umbea. Mashine hii iliingia sokoni Japani Machi 4, 2000, Marekani Oktoba 26 na Ulaya Novemba 24 mwaka huo huo. Desemba 28, 2012, Sony ilisimamisha kuisambaza Japani, na siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 2013, ikathibitisha kwamba imeacha kuitengeneza kwa dunia nzima. Kufikia Machi 2012 zilikuwa zimeshatoka zaidi ya milioni 155. Wakati inazikwa, hakuna mashine ya gemu iliyokuwa imeuzwa kuliko hiyo.

Namba hiyo utaikuta kila inapoandikwa historia yake. Mimi nina ugomvi nayo, na nitaueleza. Kwanza tuone mashine yenyewe ilikuwa nini.

Ndani ilikuwa na memori ya megabaiti 32 tu. Picha kumi hivi za simu yako ya leo zinaijaza. Lakini kwa mwaka 2000 ilikuwa kitu cha kutisha kweli, kiasi kwamba Aprili mwaka huo serikali ya Japani iliweka masharti ya kuisafirisha nje, kwa hoja kwamba uwezo wake wa kuchakata picha ungeweza kutumika kuongoza makombora. Kombora! Na sisi tuliitumia kumfunga mtu mabao manne halafu tunamcheka hadi analia.

Iliuzika kwa sababu za kawaida kabisa. Ilicheza DVD, kwa hiyo mtu wa Ulaya au Marekani alinunua vitu viwili kwa bei ya kimoja. Ilicheza CD za PlayStation ya kwanza, kwa hiyo mwenye gemu za zamani hakuzitupa. Mpinzani wake, Dreamcast ya Sega, alitangaziwa kifo Januari 31, 2001, kabla hata PlayStation 2 haijatimiza mwaka. Na PlayStation 3 ilipotoka Novemba 2006, kule Marekani ilianzia dola 499, yenye diski kubwa dola 599. Wengi wakaitazama, wakarudi kwa ile ya zamani.

Walionunua mpya waliziuza za zamani. Hapo ndipo sisi tunapoingia.

Kwetu Mwananyamala haikufika ikiwa kwenye boksi. Ilifika mtumba, imefungwa kwenye mfuko wa rambo pamoja na pedi mbili, moja ikiwa na kitufe kilichozama. Ilikuwa imeshatiwa chipu ili isome CD za kuchoma, maana CD halisi hakuna aliyeifikiria. Mwenye kibanda tulimwita Mjomba ingawa hakuwa mjomba wa yeyote kati yetu. Alikuwa na chumba kimoja cha mbele, runinga ya chogo, stabilaiza, benchi mbili za mbao na feni iliyokuwa ikimpulizia yeye peke yake. Mechi moja shilingi mia. Anayefungwa anabanduka, anayeshinda anabaki. Kama hujui kucheza, unalipa mia yako, unakula nne, unarudi kwenye benchi kusubiri uzee.

Tulicheza Winning Eleven, ile ambayo Ulaya iliuzwa kwa jina la Pro Evolution Soccer. Konami hawakuwa na haki za majina ya timu nyingi za Uingereza, wakazipa majina ya bandia. Ndiyo maana tuliijua Merseyside Red kuwa ni Liverpool kabla ya kujua kwamba Merseyside ni mahali. Na kama uliwahi kusimama golini mbele ya shuti la Adriano wa Inter katika toleo la 2006, najua bado una kinyongo.

Sasa ugomvi wangu na ile milioni 155.

Mwezi uliopita nilimfuata Mjomba. Nilikuwa nataka mambo mawili matatu ya kuandika, basi. Shikamoo, marahaba, akaniuliza kama bado natumwa dukani. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya ile mashine, akacheka, akainama chini ya meza, akatoa kaunta buku ambalo jalada lake limebaki nusu.

Wadau, Mjomba alikuwa anaandika. Kila mechi, kila siku. Jina la utani, timu, nani amelipa, nani anadaiwa. Nilifungua Jumamosi moja ya Agosti 2005 nikahesabu. Mistari 63. Majina tofauti 28. Mashine moja! Na hapo hayumo aliyekuja kutazama tu, ambaye ndiye alikuwa mwingi kuliko wote.

Kwenye takwimu za kiwandani mashine ile ni moja, na iliandikwa kwa jina la nchi ilikouzwa mara ya kwanza. Sisi 28 hatumo. Mtoto wa Ulaya aliyecheza peke yake chumbani kwake amehesabiwa moja kamili. Simlaumu, alilipa. Ila nasema hesabu ya maboksi si hesabu ya watu, na anayetaka kuandika historia ya chombo hiki kwa risiti za madukani peke yake ameacha benchi nzima nje.

Kaunta buku lile linajua na mengine. Mwaka 2006 kuna siku nyingi tupu. Nilidhani aliumwa. Akasema, "Umesahau mgao?" Kweli bwana. Ule mwaka wa ukame, maji ya Mtera yalishuka na nchi ikakaa gizani kwa zamu. Ukame wa mabwawa umeandikwa kwenye daftari la gemu la Mwananyamala, kwa kurasa nyeupe.

Nisipendezeshe mambo lakini. Kuna majina mle yanatokea Jumanne saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi mwanafunzi anatakiwa awe darasani. Langu limo mara kadhaa. Fedha nilizochezea nyingine zilikuwa chenji ya mafuta ya taa, na bi mkubwa alikuwa na haki ya kuja pale na kandambili mkononi. Wapo walioacha shule kabisa kwenye benchi ile. Historia ikiwahesabu wa kwenye benchi, iwahesabu na hao.

Na kifo je? Hapa ndipo Tokyo na Mwananyamala zilipotofautiana. Januari 2013 ilipotangazwa kwamba basi, Mjomba hakusikia. Siku ile ameandika mistari 19. Gemu lenyewe lilikuwa bado linatoka: Pro Evolution Soccer 2014 iliuzwa Ulaya kwa PlayStation 2 Novemba 2013, wiki moja tu kabla ya PlayStation 4 kuingia sokoni Marekani. Mpira ndio uliokuwa wa mwisho kutoka msibani. Japani kwenyewe waliendelea kupokea mashine za kutengeneza hadi mwisho wa Agosti 2018.

Ya Mjomba iliuawa na lenzi. Ilianza kukataa CD, akawa anaisimamisha wima, kisha anaigeuza chini juu. Fundi akaisafisha kwa pamba na spiriti, akakaza skrubu ndogo, ikaamka. Ikalala tena. Baadaye kijana mmoja akamwekea programu kwenye memori kadi ili gemu zisomwe kutoka kwenye flashi, lenzi isihusike. Ikaishi karibu miaka miwili mingine bila jicho. Mstari wa mwisho ni wa Machi 2016.

Ukurasa unaofuata unaanza na tarakimu nyingine: namba za simu, kiasi, saini. Mjomba alikuwa amegeuka wakala wa kutuma na kutoa fedha, chumba kile kile, daftari lile lile. Karatasi zilikuwa bado zipo, alisema, angezitupa za nini?

Niliomba kuzipiga picha kurasa zote, akakubali. Imenichukua mchana mzima. Kwenye ukurasa wa Juni 2007 nikakuta jina langu la utani, na pembeni yake: mechi tatu, hajalipa.

Nikatoa noti ya elfu moja. Akaipokea, akatafuta kalamu, akaukata ule mstari, kisha akanirudishia shilingi mia saba.