Tiba shufaa katika afya ya umma

Tiba shufaa ni huduma kwa mgonjwa mwenye maradhi mazito, pamoja na jamaa zake, inayokusudia kupunguza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na mahangaiko ya moyo. Haingoji siku za mwisho. Huweza kuanza ugonjwa unapogunduliwa na kwenda sambamba na matibabu ya saratani, Ukimwi, figo au moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka. Wanaoipata ni takriban asilimia 14.

Katika Afrika, Uganda hutajwa mara nyingi kwa jinsi ilivyoiingiza huduma hii katika mfumo wa serikali. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha hospisi, yaani kituo cha tiba shufaa, iitwayo Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Nguzo ya kazi yake ilikuwa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu: unga wa dawa huchanganywa na maji na kihifadhi, kisha hutiwa rangi ili chupa ya nguvu ndogo isidhaniwe ya nguvu kubwa. Mgonjwa huinywa nyumbani, bila sindano wala kitanda cha hospitali.

Dawa yenyewe ni rahisi kutengeneza. Kikwazo kilikuwa nani ana ruhusa ya kuiandika.

Madaktari walikuwa wachache, tena wengi wao mijini, ilhali mgonjwa wa kijijini humwona muuguzi au afisa tabibu. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni, na wahudumu hao, wakishasomea tiba shufaa, wakaruhusiwa kuandika mofini. Serikali huitoa bure: hospisi hiyo huitengeneza, bohari kuu ya dawa ya taifa huisambaza.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziweke tiba shufaa katika kila ngazi ya huduma, kuanzia zahanati. Kenya tayari ilikuwa na Nairobi Hospice tangu 1990. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ni miongoni mwa vituo vinavyoitoa. Hata hivyo, hofu ya uraibu huwafanya baadhi ya wahudumu wasite kutoa mofini hata kwa anayeihitaji, na hospisi nyingi barani bado huendeshwa kwa misaada, hivyo mfadhili akijitoa, ziara za nyumbani ndizo hupunguzwa kwanza.